Namba tasa ya mwisho haipo jamani

Hapa Kampala wanafunzi wengi wanaamini ile namba tasa (yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) yenye tarakimu zaidi ya milioni 41, yaani 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukitoa 1, ndo ya mwisho. Si ajabu, maana huitwa kubwa kuliko zote, ila ni kati ya zinazojulikana tu. Jaribu mwenyewe: zidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13 uongeze 1, unapata 30,031, gawanya kwa hizo sita kila mara inabaki 1. Yenyewe sio tasa, ni 59 mara 509 (toa simu upige hesabu), lakini umeona, zimetokea tasa mbili hazikuwemo kwenye orodha yako, na orodha yoyote utakayoandika, hata ndefu vipi, itakuwa hivohivo, itatokea angalau tasa moja isiyokuwemo.