Ndoo Ikitazamwa kwa Juu: Nusu Mbili za Ubongo na Kazi ya Kutambua Vitu

Simama juu ya ndoo tupu uiinamie. Huoni tena ile ndoo unayoijua. Unaona duara ndani ya duara, na mshikio umelala pembeni. Bado unajua ni ndoo, kufumba na kufumbua.

Wapo wasioweza. Mwaka 1973 huko London, mwanasaikolojia Elizabeth Warrington na mwenzake waliwaonyesha watu walioumia ubongo picha za vitu vya kawaida. Walioumia sehemu ya nyuma ya nusu ya kulia walivitaja vizuri vikiwa vimepigwa picha kwa ubavu, kama tulivyozoea kuviona. Vilipopigwa kwa pembe isiyo ya kawaida, walikwama. Aliyeumia upande wa kushoto shida yake huwa nyingine: anaweza kukuambia picha hizi mbili ni za kitu kilekile, ila hajui kinaitwaje wala kina kazi gani.

Kwa hiyo umbo huitegemea zaidi nusu ya kulia, jina na maana nusu ya kushoto. Nasema "zaidi" kwa makusudi, kwani nusu hizo hupashana habari muda wote kupitia daraja la nyuzi za neva zipatazo milioni 200. Zile habari za "watu wa ubongo wa kulia" kuwa wasanii ni porojo.

Wengi pia hudhani jicho la kulia ni la nusu ya kushoto. Sivyo. Kila jicho hupeleka habari pande zote mbili. Kinachovuka ni upande wa unachokitazama. Kilichoko kushoto kwako, kionwe na jicho lolote, hufika kwanza nusu ya kulia.

Sura za watu nazo huelemea kulia, maandishi, kushoto. Mwaka 1892 daktari Mfaransa Dejerine alieleza habari za mgonjwa aliyeweza kuandika lakini hakuweza kusoma alichokiandika mwenyewe.

Nyumbani, mgonjwa wa kiharusi akitazama kijiko asijue ni nini, msikimbilie kumnunulia miwani. Mwambie afumbe macho, kisha mpe kijiko akipapase. Akikitaja papo hapo, jina analo na kumbukumbu anayo. Kilichokatika ni njia ya kutoka kwenye kuona hadi kwenye kujua. Mwelezeni daktari hivyohivyo mlivyoona.