Mbona miguu hufa ganzi kwanza? Safari ya mitokondria ndani ya neva

Mtoto anayetibiwa limfoma ya Burkitt, saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akifanya kazi Hospitali ya Mulago, Kampala, huchomwa dawa ya vinkristini mshipani. Uvimbe wa taya hunywea, lakini baada ya dozi kadhaa mzazi huweza kumwona akiburuta vidole vya miguu. Msuli wa mguu hauna kosa. Kilichoharibika ni njia ya usafirishaji ndani ya neva.

Uzi wa neva unaofika kwenye unyayo ni mkia wa seli moja, uitwao aksoni. Kwa mtu mzima, hufikia karibu mita 1. Kiini cha seli hiyo kipo ndani au kando ya uti wa mgongo, na protini nyingi za kujenga mitokondria hutoka huko. Mitokondria ndizo hutengeneza ATP, nishati ya seli, na mwisho wa aksoni hauwezi kukaa bila ATP. Kwa hiyo lazima zisafiri. Mitokondria yenye urefu wa maikromita 1 ikipita mita 1 imekwenda mara milioni moja ya urefu wake. Bodaboda ya mita 2 ingelazimika kwenda kilomita 2,000, pungufu kidogo ya Kampala hadi Mombasa na kurudi. Kwa mwendo wa nusu maikromita kwa sekunde, bila kusimama, safari hiyo huchukua siku 23.

Reli yake ni mikrotubuli, mirija myembamba ya protini iitwayo tubulini. Kinesini, protini inayofanya kazi ya injini, huvuta kuelekea mwisho wa aksoni, hatua kwa hatua, kila hatua nanomita 8 na ATP moja. Daineini, injini nyingine, hurudisha kuelekea kiini. Miro, protini iliyo kwenye ngozi ya nje ya mitokondria, hushikana na protini ya TRAK, nayo TRAK hushika injini, kama tela linavyofungwa kwenye trekta.

Kujua pa kusimama ni muhimu kama mwendo wenyewe. Neva inapofanya kazi, kalsiamu huingia. Miro huinasa, na kinesini huacha kuvuta. Mitokondria husimama palepale nishati inapohitajika. Protini ya sintafilini huzitia nanga, ndiyo maana nyingi ndani ya aksoni iliyokomaa hazitembei. Mitokondria ikichakaa, protini ya PINK1 hurundikana juu yake, huita protini nyingine, Parkini, Miro huondolewa na mitokondria hiyo huvunjwavunjwa. Hitilafu za kurithi za PINK1 au Parkini huleta ugonjwa wa kutetemeka wa Parkinson katika umri mdogo.

Vinkristini hushika tubulini. Hiyo huzuia seli za saratani kugawanyika, lakini hudhoofisha reli za neva pia, na nyuzi ndefu zaidi, zile za miguu, ndizo huumia mapema.

Kabla ya kila dozi, mwambie mtoto atembee kwa visigino. Akishindwa, au akiwa na ganzi, maumivu ya taya au kufunga choo, mweleze daktari siku hiyohiyo. Anaweza kupunguza dozi au kuiahirisha. Usiache matibabu kwa uamuzi wako. Taja pia dawa zote anazomeza, hasa itrakonazo na ketokonazo za fangasi, kwa sababu huzuia ini kuondoa vinkristini, na sumu yake kwa neva huongezeka.