Fahirisi ya ubora wa hewa kwa wanaofanya kazi nje chuoni

Fahirisi ya ubora wa hewa ni namba inayoonyesha hewa ya mahali imechafuka kwa kiasi gani. Katika mfumo wa Marekani, ambao programu nyingi za simu huutumia, namba hiyo huanzia 0 hadi 500: isipozidi 50 hewa ni nzuri, ikifika 101 wenye pumu, wazee na wajawazito wajihadhari, na kuanzia 151 huhesabiwa kuwa si salama kwa yeyote. Chembe zinazotiliwa mkazo ni zile za moshi na vumbi zisizozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Kwa chuo kilichopo Mbeya, namba hiyo ina majira yake. Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, nyasi za milimani na mabua ya mashambani huchomwa, na asubuhi za baridi hewa nzito hutuama bondeni chini ya tabaka la hewa yenye joto, kiasi kwamba moshi wa usiku hauinuki mpaka jua lipate nguvu. Saa hizo ndizo ambazo watu wa usafi na bustani huwa wameshaanza kazi.

Fahirisi hupima hewa, haipimi kiasi anachovuta mtu. Anayefyeka nyasi za uwanja mzima huvuta hewa mara kadhaa zaidi ya karani aliyeketi ofisini, kwa hiyo namba ambayo karani haimsumbui inaweza kumwacha mfyekaji akikohoa mpaka jioni.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamwajibisha mwajiri kulinda afya ya wafanyakazi wake, na chuo ni mwajiri kama wengine. Mfano wa kuigwa upo katika jimbo la California, ambako tangu 2019 moshi wa moto wa nyika ukifikisha fahirisi 151 mwajiri hulazimika kuchukua hatua kwa mpangilio: kwanza kuwaingiza watu kwenye hewa safi inapowezekana, kisha kubadili saa au mahali pa kazi na kuongeza mapumziko, na barakoa baadaye. Kwetu mara nyingi huanza barakoa, pengine kwa sababu kuzigawa ni kazi ya siku moja na picha hupigwa. Barakoa ya kitambaa hupitisha chembe hizo kwa wingi. Ya aina ya N95 huzichuja, lakini lazima ibane uso vizuri, na ndevu huiachia mwanya.

Moshi mwingine ni wa chuo chenyewe. Majani yaliyofagiliwa alfajiri hurundikwa nyuma ya bweni na kuwashwa yakiwa bado na umande, yakatoa moshi mzito ambao kipimo kilicho mbali hakiuoni, huku aliyeshika reki akiwa amesimama katikati yake. Majani hayo yakitupwa shimoni huoza yakawa mboji, na msimamizi wa bustani anaweza kuagiza hivyo bila kusubiri fahirisi yoyote.