Sekunde tano si za mrushaji peke yake

Jumamosi moja hapa Kisumu, uwanja wa saruji wa mpira wa kikapu, jua la saa nane. Tunaongoza kwa pointi 1, na mpira ni wetu nyuma ya mstari, chini ya kikapu tunachokilinda. Binti wa miaka 14 ameukumbatia kifuani, mkono wa refa unahesabu sekunde tano za kuurusha ndani ya uwanja. Wenzake wanne wamesimama tu, kila mmoja na mkabaji wake, wakiita, "Hapa! Hapa!" Filimbi ikalia. Wapinzani wakapewa mpira palepale, hatua chache kutoka kikapuni, wakafunga. Binti alilia ndani ya matatu hadi tukapita Kondele.

"Kocha, hakuna aliyekuwa huru," aliniambia.

Alisema kweli, na kosa lilikuwa langu. Nilimfundisha yeye kurusha, wale wanne sikuwafundisha kujitoa.

Vijana wanaotazama NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, hudhani mrushaji akibanwa ataomba taimauti, yaani mchezo usimamishwe kidogo. Kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, tunazochezea, mchezaji haombi. Anayeomba ni kocha, na mpira ukishafika kwa mrushaji hata mimi nimechelewa. Wa kumwokoa ni wenzake tu.

Kwa hiyo sasa wanne hupanga mstari mbele yake kabla refa hajatoa mpira. Mrushaji anaupiga mpira kofi, na hapo wa kwanza anachomoka kulia, wa pili kushoto, wa tatu anaujia mpira mikono ikiwa mbele, wa nne anakimbilia mbali. Huyo wa tatu ndiye ninayemsumbua zaidi. Akiungoja mpira umfikie, mkabaji atapita mbele yake aunyake, kwa hiyo lazima mpokeaji aufuate. Tunahesabu kwa sauti, na mwisho wetu ni nne. Ile ya tano ni mali ya refa.

Mrushaji naye ajue miguu yake. Refa akimkabidhi mpira, asisogee pembeni zaidi ya mita 1, ila kurudi nyuma anaruhusiwa, na hatua moja ya nyuma humpa mrushaji nafasi pale mkabaji anaporuka na mikono. Wapinzani wakifunga kikapu ndipo anaweza kukimbia kando ya mstari atakavyo.

Yule binti bado ndiye mrushaji wetu. Alhamisi nitawawekea wakabaji sita dhidi ya wapokeaji wanne.