Jalada Liko Mahakama Ipi? Kutafuta Kumbukumbu za Mahakama za Majimbo nchini Marekani

Msomaji aliyezoea kusoma hukumu za Kenya katika tovuti ya Kenya Law, au za Tanzania katika TanzLII, akifika Marekani hutarajia kukuta mlango mmoja wa aina hiyo, ambamo ataandika jina na kuletewa kila shauri linalomhusu mwenye jina. Mlango huo haupo. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina mahakama zake zenye kanuni zake, makarani wake, ada zake na mfumo wake wa kompyuta. Talaka, ulezi wa watoto, mirathi, madeni, kufukuzwa katika nyumba ya kupanga, makosa ya barabarani na sehemu kubwa ya jinai husikilizwa huko majimboni. Mahakama za shirikisho ni safu nyingine, na mfumo wao wa kusomea majalada mtandaoni, PACER, unaotoza senti 10 kwa ukurasa, hauonyeshi majalada ya mahakama za jimbo. Mahakama za uhamiaji nazo ziko chini ya Wizara ya Sheria ya serikali kuu, kwa hiyo kumbukumbu zake hazimo katika safu yoyote kati ya hizo mbili. Kabla ya kuandika jina popote, mtafutaji anapaswa kujua shauri lilifunguliwa jimbo gani, kaunti gani na ngazi gani ya mahakama. Sisi tunaohudumia umma katika maktaba za sheria huona kazi nyingi ikipotea kwa sababu hatua hiyo imerukwa.

Haki ya kuona jalada ni ya kila mtu, awe raia au mgeni, na kwa kawaida haulazimiki kueleza sababu ya kulitaka. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Nixon dhidi ya Warner Communications la mwaka 1978, ilitambua kwamba umma una haki ya jumla ya kukagua na kunakili kumbukumbu za mahakama, ingawa ilisema pia kwamba haki hiyo ina mipaka. Watu wengi hudhani kwamba haki hii inatokana na ile sheria ya shirikisho ya uhuru wa habari ya mwaka 1966, nao huandika barua ndefu wakiitaja. Sheria hiyo inahusu wizara na idara za serikali kuu, na haizigusi mahakama. Barua inayomfaa karani wa mahakama ni fupi: majina ya wahusika, namba ya shauri kama unayo, mwaka, aina ya shauri, na hati unazozitaka.

Tofauti baina ya majimbo ni kubwa kuliko wageni wanavyodhani. Wisconsin imeweka mashauri ya mahakama za mzunguko, yaani zinazosikiliza mashauri kwa mara ya kwanza, za kaunti zake 72 katika mfumo mmoja wa mtandaoni, bila malipo, tangu mwaka 1999. Pennsylvania nayo ina tovuti moja inayotoa orodha za matukio ya mashauri ya jinai kutoka kaunti zote 67, lakini mashauri mengi ya madai yamebaki kwa maofisa wa kaunti. California ina kaunti 58, na kila moja ina Mahakama Kuu yake ya mwanzo yenye tovuti yake. Kanuni za jimbo hilo zinataka hati za kielektroniki za mashauri ya ndoa, ya watoto na ya jinai zisomwe kwa jumla katika kompyuta zilizowekwa mahakamani kwa ajili ya umma, si kutoka nyumbani. Florida inawaachia makarani wa kaunti 67. Texas, yenye kaunti 254, ina tovuti ya pamoja ya hati zilizowasilishwa kielektroniki, lakini mtu anayetafuta kosa dogo la barabarani bado atalazimika kuuliza mahakama za manispaa au za waamuzi wa amani (mahakimu wa mashauri madogo), ambazo kila moja hutunza vitabu vyake.

Majina ya mahakama pia hupotosha. Katika jimbo la New York, mahakama iitwayo ya Juu ni mahakama inayosikiliza mashauri kwa mara ya kwanza, na ile iitwayo ya Rufaa ndiyo ya mwisho. Huko talaka hutolewa na hiyo Mahakama ya Juu, na jalada lake hutunzwa na karani wa kaunti, ilhali matunzo ya mtoto huweza kusikilizwa katika Mahakama ya Familia, yenye jalada jingine na ofisi nyingine. Texas ina mahakama mbili za mwisho, moja ya madai na moja ya jinai. Maryland ilibadilisha jina la mahakama yake ya juu kabisa Desemba 2022, kwa hiyo hati za zamani na mpya zinaitaja mahakama hiyo hiyo kwa majina mawili tofauti.

Ukiwa na namba ya shauri, kazi hupungua sana, kwa kuwa namba yenyewe hukuambia mahali pa kwenda. Chukua shauri linalojulikana dunia nzima, la Jimbo la Minnesota dhidi ya Derek Chauvin, askari aliyepatikana na hatia, tarehe 20 Aprili 2021, ya kumuua George Floyd. Namba yake ni 27-CR-20-12646. Tarakimu 27 ni za kaunti ya Hennepin, ulipo mji wa Minneapolis. CR huonyesha kwamba ni jinai. 20 ni mwaka 2020 lilipofunguliwa. Na zilizobaki ni za mfululizo. Majimbo mengine yana mpangilio wao, lakini mengi huficha mwaka na aina ya shauri ndani ya namba. Tazama barua yoyote ya mahakama uliyowahi kupokea, risiti ya faini, au wito wa kufika mbele ya hakimu. Namba imeandikwa humo.

Bila namba utatafuta kwa jina, na hapa watu wetu hupata taabu ya pekee. Mohamed, Mohammed na Muhammad ni majina matatu kwa kompyuta. Mkongomani aliyezoea kuandika jina la ukoo kwanza huenda ameingizwa kwa mpangilio uliogeuzwa, na Mtanzania mwenye majina matatu huenda jina la babu limefanywa la ukoo katika jalada moja na likaachwa katika jingine. Andika kila namna uliyowahi kuona jina hilo likiandikwa kwenye leseni, pasi au hati ya kupanga nyumba, kisha tafuta moja baada ya nyingine. Pale mfumo unaporuhusu, tumia herufi chache za mwanzo badala ya jina zima.

Tarehe ya kuzaliwa, ambayo ingetenganisha watu wenye jina moja, si mwamuzi wa kuaminika. Wakimbizi wengi walioingia Marekani bila cheti cha kuzaliwa wameandikiwa tarehe 1 Januari, hivyo watu wawili wasiojuana wanaweza kufanana kwa jina, siku, mwezi na hata mwaka. Jimbo la New York huuza kwa dola 95 taarifa ya mashauri ya jinai ya jimbo zima, nayo hulinganisha jina na tarehe ya kuzaliwa kama vilivyoandikwa kwenye ombi. Herufi moja ikikosewa, jibu linaweza kuja tupu. California, kwa upande mwingine, kanuni zake hazikubali tarehe ya kuzaliwa itumike kuchuja majina ya washtakiwa katika faharasa ya kielektroniki, na Mahakama ya Rufaa ya jimbo hilo ilisisitiza jambo hilo mwaka 2021 kwa ajili ya kulinda faragha. Nawaomba sana waajiri, wenye nyumba na wazee wa jumuiya: jina lililotokea kwenye skrini lisihesabiwe kuwa ni la mtu mnayemjua mpaka anwani, hati za jalada au mhusika mwenyewe vithibitishe.

Kinachoonekana mtandaoni mara nyingi ni orodha ya matukio tu, yaani tarehe, maombi yaliyowasilishwa na amri zilizotolewa kwa ufupi. Orodha hiyo isomwe mpaka mwisho. Mashtaka matano yaliyoandikwa juu ya ukurasa yanaweza kuwa yamefutwa manne, na la tano likabadilishwa kuwa kosa dogo. Maneno nolle prosequi maana yake mwendesha mashtaka ameamua kutoendelea na shtaka. Hakuna hatia iliyopatikana. Maryland ina pia utaratibu uitwao stet, ambapo shauri huwekwa kando, na upande wowote unaweza kuomba lirudishwe ndani ya mwaka mmoja. Baada ya hapo lazima kuwe na amri ya mahakama na sababu ya msingi. Anayesoma mstari wa kwanza pekee na kumwita jirani yake mhalifu amemdhulumu. Kukamatwa na polisi nako ni jambo la kumbukumbu za polisi au jela, na huenda hakukufuatiwa na shauri lolote mahakamani.

Yapo majalada yasiyofunguliwa kwa umma: mengi ya watoto, ya kuasili mtoto, na ya afya ya akili. Talaka hutegemea jimbo. Katika majimbo mengi jalada lake liko wazi, lakini New York huwaruhusu wahusika na mawakili wao tu, na umma husubiri miaka 100. Jinai za zamani nazo huweza kufungwa, yaani kufichwa zisionekane na umma, kwa amri ya mahakama, na tangu Pennsylvania ilipotunga sheria mwaka 2018, majimbo kadhaa yamekuwa yakizifunga baadhi yake moja kwa moja bila mhusika kuomba. Hapo mhamiaji awe mwangalifu mno. Shauri kufungwa na jimbo hakumaanishi kwamba maofisa wa uhamiaji hawatalihesabu. Fomu ya kuomba uraia inataka yatajwe hata mashauri yaliyofungwa au kufutwa. Kabla ya kuomba jalada lako lifungwe, chukua kwanza nakala zilizothibitishwa za mashtaka na uamuzi wa mwisho, kisha mwone wakili wa uhamiaji.

Picha ya skrini haitoshi kwa maofisa hao. Wanachotaka ni nakala yenye muhuri na saini ya karani. Ada hutofautiana: California hutoza senti 50 kwa ukurasa, pamoja na ada ya kuthibitisha na dola 15 pale utafutaji unapozidi dakika 10. Kwa talaka, omba hukumu yenyewe, maana cheti kinachotolewa na idara ya afya huonyesha tu kwamba ndoa ilivunjwa na tarehe yake. Ikiwa hukumu itatumika Burundi au Rwanda, nchi zilizomo katika Mkataba wa Hague wa mwaka 1961, ipeleke kwa Katibu wa Jimbo lililoitoa ili ibandikwe apostile, yaani cheti kinachothibitisha saini na muhuri wake kwa matumizi ya nchi nyingine. Kwa nchi isiyomo katika mkataba huo, uliza ubalozi wake utaratibu wa uthibitisho.

Kampuni binafsi zinazouza taarifa za watu hukusanya kumbukumbu hizi kwa wingi, na mara nyingi hazizirekebishi jalada linapofungwa au shtaka linapofutwa. Usilipe ada ya kila mwezi kabla ya kuuliza mahakama yenyewe. Mwajiri akitumia kampuni ya namna hiyo, sheria ya shirikisho ya taarifa za mikopo ya mwaka 1970 inamtaka apate kwanza ridhaa yako kwa maandishi, na akupe nakala ya ripoti kabla hajakunyima kazi kwa sababu yake. Una haki ya kupinga kosa, na kwa kawaida kampuni ina siku 30 za kulichunguza. Ambatanisha nakala ya karani kwenye malalamiko yako.

Mwisho, jalada linaweza kuwa limeteketezwa kwa mujibu wa ratiba ya utunzaji, hasa makosa madogo ya miaka mingi iliyopita. Hilo likitokea, omba barua rasmi ya karani inayosema kwamba wametafuta na jalada halipo au liliteketezwa. Maofisa wa uhamiaji huipokea barua hiyo kama ushahidi. Mashauri ya kale zaidi huulizwa kwenye hifadhi ya nyaraka ya jimbo. Missouri, kwa mfano, imehifadhi hati za zaidi ya mashauri 300 ya watu waliokuwa watumwa waliodai uhuru wao mahakamani St. Louis kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, likiwemo la Dred Scott lililofunguliwa mwaka 1846, na mtu yeyote anaruhusiwa kuzisoma.