Buckner hakuipotezea Boston ubingwa

Mashabiki wengi wa besiboli bado husema mchezaji wa Boston Red Sox, Bill Buckner, ndiye aliyeipotezea timu yake ubingwa wa 1986, mpira ulipompita katikati ya miguu. Huko ni kumwonea. Usiku ule wa Oktoba 25, jijini New York, katika mechi ya sita ya fainali, Boston waliongoza 5-3 katika awamu ya 10, wamebakiza mpinzani mmoja tu wa kumtoa ili wawe mabingwa. Wapinzani wao, New York Mets, wakapiga mipira mitatu safi mfululizo, ikawa 5-4. Kisha mrushaji wa Boston, Bob Stanley, akarusha mpira ovyo, ukampita mdakaji, ikawa 5-5. Buckner, mwenye vifundo vibovu vya miguu, alikuwa hajagusa chochote! Kosa lake liliwapa Mets mechi hiyo tu. Kila timu ikawa imeshinda mechi tatu za fainali, na katika mechi ya saba Boston waliongoza 3-0, wakafungwa 8-5.