Je, wajua kwa nini watu bado wanamwandikia barua mshairi aliyefariki 1939?

Ukifika makaburini Collioure, mji mdogo wa pwani kusini mwa Ufaransa karibu kabisa na mpaka wa Hispania, utakuta kaburi lenye sanduku la barua. Na linatumika kweli. Watu wanadumbukiza humo barua, mashairi, karatasi zilizochanwa kwenye daftari za shule, wengine wanaweka maua na bendera ya nyekundu, njano na zambarau, ile ya Jamhuri ya Hispania. Aliyelala pale ni Antonio Machado, na mji wenyewe aliishi wiki tatu na nusu tu!

Sasa kwa nini yeye?

Machado alizaliwa Sevilla 1875, na kazi yake ilikuwa ualimu, alifundisha Kifaransa kwenye sekondari za miji ya mbali, Soria, Baeza, Segovia. Huko Soria alimuoa Leonor, binti wa wenye nyumba alikopanga, kifua kikuu kikamchukua 1912, mwaka uleule kitabu chake Campos de Castilla kilipotoka. Mashairi yake hayana maneno ya kutisha, ni barabara, mti mkongwe uliopigwa na radi, mto Duero, mtu anatembea. Ule mstari wake maarufu kuliko yote unamwambia msafiri kwamba njia haipo, njia inapatikana kwa kutembea. Mimi naona sehemu kubwa ya jibu iko hapo, anaeleweka na mtu yeyote, hata ambaye hajawahi kukaa darasa la fasihi.

Halafu ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe Hispania 1936. Machado akasimama na Jamhuri bila kuficha, anaandika makala huku afya yake inazidi kuzorota, na kaka yake Manuel, mshairi pia, ambaye waliandika tamthilia pamoja, vita ilimkuta Burgos akabaki upande wa Franco, jenerali aliyeongoza uasi dhidi ya Jamhuri na baadaye akaitawala Hispania. Antonio akahamishwa kutoka Madrid kwenda Valencia, kisha Barcelona, na Januari 1939 Barcelona ilipoanguka watu karibu nusu milioni wakaanza kukimbilia Ufaransa kwa mara moja, wanajeshi, akina mama, watoto, majeruhi, wote barabara moja, kwenye baridi na mvua.

Yeye alikuwa humo, pamoja na mama yake Ana Ruiz aliyeshapita miaka 80, mdogo wake José na mke wa José. Gari halikuweza kupenya, wakashuka wakatembea, na mizigo yenye karatasi zake ikaachwa njiani, mpaka leo haijulikani ilikoishia. Inasimuliwa kwamba yule mama akili ilishaanza kupotea, akawa anauliza kama Sevilla iko karibu. Hapo ndipo mimi nilipokwama nikashindwa kuendelea kusoma kwa muda.

Tarehe 28 Januari wakashuka kwenye treni Collioure, wakapata chumba hoteli ya mama mmoja, Pauline Quintana. Wenzao wengi hawakubahatika hivyo, waliishia kwenye kambi za mchangani ufukweni Argelès, si mbali na hapo. Mfanyakazi wa stesheni, Jacques Baills, alikuwa akisaidia daftari la wageni pale hotelini, akaona jina Antonio Machado, kazi mwalimu, akamuuliza kama ndiye yule mshairi, maana alishajifunza mashairi yake kwenye masomo ya usiku. Ndiye.

Machado alifariki 22 Februari, na mama yake akamfuata siku tatu baadaye. José alipopekua koti la kaka yake akakuta kikaratasi chenye mstari mmoja, “Siku hizi za buluu na jua hili la utotoni.” Jeneza lilifunikwa bendera ya Jamhuri iliyoshonwa usiku na jirani mwenye duka la nguo, likabebwa na wanajeshi wakimbizi waliokuwa wamefungwa kwenye ngome ya mji, na hata kaburi lilikuwa la kuazima, la familia moja ya palepale. La kwake alipata 1958 kwa michango ya watu, akazikwa humo na mama yake.

Na Franco hakumwachia hata marehemu. Mwaka 1941 serikali yake ilimfukuza Machado ualimu, mtu aliyeshazikwa miaka miwili! Alirudishiwa cheo chake 1981.

Kwa hiyo utaona kwa nini barua zinakuja kwake. Wale nusu milioni wengi walitawanyika, wengine wakafia kambini, familia nyingi hazina pa kwenda kuweka ua. Mshairi mwenzake García Lorca aliuawa 1936 na mwili wake haujapatikana hadi sasa. Machado kaburi lake lipo, liko upande uleule wa mpaka waliokimbilia wote, basi mjukuu wa mkimbizi anapomwandikia yeye anakuwa anamwandikia pia babu yake. Kuna wanaotaka arudishwe Hispania, mimi naona abaki, maana akiondolewa pale kumbukumbu ya wale wengine itabaki bila anuani. Waziri mkuu Pedro Sánchez alikwenda Februari 2019, akiwa kiongozi wa kwanza wa serikali ya Hispania kufika kaburini hapo, akasema nchi ilipaswa kuwaomba msamaha wakimbizi hao mapema zaidi.

Barua zenyewe hazitupwi, kuna taasisi yenye jina lake palepale Collioure inazikusanya na kuzihifadhi.